Tope la Mstari wa Saba

Buti la kwanza lilinigonga kifuani.

La pili lilinipata mdomoni, nikaonja damu na udongo kwa pamoja.

Aliyenirushia hakuwa adui yangu. Alikuwa Bibi Hedwig, bibi yangu mzaa baba, aliyenilea tangu nikiwa na miaka sita. Wageni wapata arobaini walikuwa wamesimama uani na glasi zao za mvinyo mkononi, wakitutazama.

"Umewaua," Bibi aliniambia. "Toka kwangu."

Naitwa Tilde Wuttke. Mimi ni mtu wa aibu sana, jamani, hata dukani naonyesha kwa kidole badala ya kuomba. Kwa hiyo mkiona nimeandika kirefu hivi, jueni nimekaa nalo miaka mingi...

Nianzie mbali kidogo, maana bila hapo hamtanielewa.

Sisi Bonde la Gerlach, huku Australia Kusini, tunaishi kwa wageni. Wanakuja kupotea kwenye bustani ya vichochoro, kupiga picha kwenye maua ya lavenda, kuingia ndani ya pipa kubwa kuliko nyumba lililoko pale njia panda, na kufinyanga vikombe vibaya kwa mfinyanzi. Halafu wanakuja kwetu kuwaona Wazee.

Wazee ni mizabibu. Mistari ishirini, aliyoipanda babu wa babu yangu miaka mia na thelathini na tano iliyopita. Mashina yamejikunja kama vidole vya mtu mwenye baridi yabisi, na kila mwaka bado yanazaa. Wamesimama kwa mizizi yao wenyewe, hawakupandikizwa kwenye shina la mzabibu mwingine. Duniani wamebaki wachache wa namna hiyo, kwa sababu ya chawa.

Simaanishi wale chawa wa mjini wanaosifia mabosi. Hawa ni wadudu wa njano, wadogo kuliko chembe ya chumvi, wanaokaa kwenye mzizi na kunyonya mpaka mti ufe. Wakishaingia kwenye mzizi hawana dawa, na wanasafiri kwa tope la kiatu. Victoria, jimbo la jirani, wapo. Bondeni kwetu walikuwa hawajawahi kukanyaga.

Ndiyo maana kwetu mtoto hujifunza kusugua soli kabla ya kujifunza kufunga kamba. Kila geti lina karai la dawa ya kuoshea viatu. Na kumuuliza mtu "mabuti yako yametoka wapi?" kwetu ni salamu kabisa, hakuna anayekasirika.

Sasa basi. Nyumbani tulikuwa wajukuu wawili tu, mimi na dada yangu Marlis. Marlis ana miaka mitatu zaidi yangu, ana sauti, ana meno mazuri, wageni wanampenda kabla hajafungua mdomo. Mimi kazi yangu ilikuwa kukaa getini na karai.

Kila kizazi, mtu mmoja huchaguliwa kuwa mtunzaji wa Wazee. Kazi hiyo haigawanywi. Bibi alikuwa amesema atamtaja Jumapili ya sikukuu ya mavuno, mbele ya watu. Nilikuwa nimemaliza chuo, nimesomea mizabibu, na siku nne tu kabla ya hapo nilirudi kutoka Victoria nilikokwenda kufanya mazoezi ya kazi. Bondeni kote walikuwa wakisema ni mimi.

Niliutaka ule utunzaji kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Sikumwambia mtu. Lakini Marlis ni dada yangu, alikuwa ananisoma usoni.

Mabuti niliyovaa Victoria niliyatupa kulekule. Nilinunua mapya Adelaide, nikayaacha barazani.

Jumapili ile, saa nane mchana, Marlis alitoka shambani ameyashika mabuti yangu kwa vidole viwili kama mtu aliyeshika panya. Yalikuwa yamejaa tope jekundu. Udongo wa shamba letu ni wa kijivu, kila mtu anajua, na mimi nilikuwa nimetoka Victoria.

Akawaambia Bibi na wageni kwamba ameyakuta mstari wa saba. Na nyayo zipo, akasema, twendeni mkazione.

Nyayo zilikuwepo kweli. Nyekundu. Saizi yangu.

"Msomi wetu," Marlis akasema taratibu, huku akitikisa kichwa kama anayenihurumia. "Chuoni wamekufundisha yote, ila hawakukufundisha kufuta miguu."

Watu wakacheka kidogo, wale wasioelewa.

Nilitaka kusema mabuti ni mapya, risiti ninayo, sijaingia kwa Wazee tangu nirudi. Yote yalikuwa tayari kichwani, yamepangwa vizuri kabisa. Lakini koo langu... Wenye aibu wenzangu mnalijua koo hilo. Macho ya watu arobaini yakikuangalia, linafunga kama mlango wa benki.

Ndipo Bibi akayanyakua mabuti akanirushia.

Jioni ile Marlis alitajwa kuwa mtunzaji. Mimi nilikuwa ndani ya basi la Adelaide na mdomo uliovimba.

Miaka mitano ikapita.

Nilipata kazi ya ukaguzi wa magonjwa ya mizabibu. Kazi ya kimya, mtu peke yake na mizizi, ilinifaa. Habari za nyumbani niliziona kwenye ukurasa wa Marlis kama mtu baki. Alikuwa amefunga bembea kati ya Wazee, maputo ya kubeba watalii angani yalitua karibu, na karai la dawa pale getini alilipandia maua. Bibi sikuwahi kumpigia, naye hakunipigia.

Kisha mwezi wa pili mwaka huu likaja ombi ofisini: kuna mizabibu inageuka njano kabla ya wakati, njooni muangalie. Chini pameandikwa Wuttke.

Bosi wangu aliniuliza kama nataka amtume mtu mwingine. Nikakaa kimya kutafuta maneno. Akadhani nimekubali.

Nilipofika getini hakuna aliyenisalimu. Nilisugua mabuti yangu kwenye ndoo niliyokuja nayo mwenyewe. Bibi alikuwa na miaka themanini na sita sasa, amekonda, ameshika fimbo. Marlis alikuwa kando yake, simu mkononi.

"Umekuja kukagua ulichokiacha?" Marlis akaniuliza.

Niliingia kwa Wazee.

Ugonjwa huu husambaa kama doa la mafuta kwenye khanga. Katikati ndipo ulipoanzia, na ukiwa na jicho la kazi unaweza kuhesabu miaka kutoka katikati hadi pembeni. Nilihesabu. Mitano.

Katikati ya doa palikuwa mstari wa saba.

Nilipiga magoti nikachimba. Nikatoa mzizi mwembamba, nikauweka chini ya kioo cha kukuzia. Walikuwepo. Wa njano, wamejipanga kwenye mzizi kama watoto mgongoni kwa mama yao. Nililia kabla sijasimama, siwezi kudanganya.

Marlis aliponiona nalia alielewa. Na hapohapo, nawaapia, nilimwona akifanya hesabu yake. Akageuza simu akaanza kujirekodi.

"Mstari wa saba, mnauona? Hapa ndipo nilipokuta mabuti ya mdogo wangu miaka mitano iliyopita. Nilisema, mkacheka tu. Leo amekuja mwenyewe kuangalia kaburi alilochimba."

Na ushahidi ulikuwa upande wake! Hilo ndilo lililonitia ganzi. Mwaka ulikuwa ule, mstari ulikuwa ule, nyayo zilikuwa zangu. Kama ningekuwa ninakagua shamba la mtu mwingine, ningeandika jina langu mwenyewe kwenye fomu.

Bibi alisogea polepole hadi kwenye shimo. Akaniomba kioo. Akaangalia muda mrefu.

Kisha akasema bila kugeuka, "Marlis, zima hicho kidude."

Marlis akazima.

"Lile tope ulilitoa wapi?"

"Tope gani, Bibi?"

"Nilikuwa dirishani jikoni siku ile," Bibi akasema. "Nilikuona ukiyapaka mabuti ya mwenzako. Nikakuona ukiyavaa na kuingia nayo. Nilijua ni ule udongo mwekundu wa mfinyanzi. Ni wa mfinyanzi, au siyo?"

Alijua. Alinipiga kwa buti mdomoni, huku akijua.

Nilimuuliza kwa sauti ndogo mno kwa nini. Hakunificha. Alisema Wazee walihitaji wageni, na wageni walihitaji mtu wa kuongea nao, na mimi hata kusema "karibuni" ilikuwa vita. Hakuwa na la kuwaambia watu waliokuwa wananitarajia mimi. Uongo wa Marlis ulimwondolea tabu. Akauchukua.

"Niliona haudhuru mtu," akasema. "Ni udongo wa vikombe tu."

Lakini Marlis alikuwa bado hajajibu.

"Marlis. Ni wa mfinyanzi?"

Dada yangu aliangalia chini. Sijawahi kumwona vile, hata meno yake yalionekana madogo.

"Nilienda," akasema. "Kwa mfinyanzi palikuwa pamefungwa."

Bibi akagonga fimbo chini ili aendelee.

Ikatoka vipandevipande. Ijumaa ile kabla ya sikukuu, alipotuambia yuko Adelaide kwenye harusi ya rafiki yake, alikuwa Victoria, amekwenda kupanda puto. Puto lilitua katikati ya mizabibu ya watu. Mabuti yake aliyatupia nyuma ya gari hivyohivyo, yamejaa tope. Tope jekundu. Alipokosa la mfinyanzi, akakwangua lile akaliroweka kwa maji.

"Ni kidogo tu," akarudia kama mtoto. "Kijiko. Vijiko viwili."

Ndugu zangu, hebu tulieni muone ukatili wa jambo hili.

Kama Bibi angeuamini ule uongo, angeita wakaguzi jioni ileile. Wangechimba mstari wa saba, wangeteketeza mizabibu michache, na mistari iliyobaki huenda ingepona. Hakuita mtu kwa sababu alijua mabuti yangu hayana hatia. Wazee wameuawa na uongo ambao hakuna hata mmoja wetu watatu aliyeuamini.

Na mimi? Mimi ndiye niliyesomea. Nilijua tope jekundu kwenye shamba letu ni la kupimwa, hata kama limepakwa na shetani. Simu moja ingetosha, tena simu haina macho ya watu arobaini. Nilipanda basi nikaililia aibu yangu.

Nilijaza fomu palepale, nimeiegemeza kwenye nguzo ya bembea. Mizabibu yote ing'olewe. Ichomwe hapohapo shambani, isitoke hata kijiti. Na kwa sheria za huku, mwenye shamba ndiye anayewasha, na hati ilikuwa bado kwa jina la Bibi.

Bibi aliposomewa hilo, alinishika mkono. Kiganja chake kilikuwa kikavu kama ganda la mti.

"Tilde, mjukuu wangu," akasema. "Nilikosea. Ulistahili wewe. Leo nakukabidhi, mbele ya dada yako. Wewe ndiye mtunzaji wa Wazee."

Miaka mitano nililiota neno hilo. Nililiota nikiwa nasubiri basi, nikiwa nasugua viatu vya watu wasionijua.

Kisha nikaelewa anachoniomba. Alikuwa ananipa Wazee ili mkono wa kuwasha moto uwe wangu.

Safari hii koo halikufunga.

"Hapana, Bibi," nikamwambia. "Washa mwenyewe."

Mwezi wa sita, mvua ziliporudi na hatari ya moto ikapungua, aliwasha. Nilisimama nje ya uzio kama kazi inavyotaka. Njiti ya kwanza ilizimika. Ya pili ikamponyoka. Aliniangalia. Nilikuwa hatua kumi tu kutoka kwake, na nina mikono imara...

Sikuingia.

Njiti ya tatu ikashika.

Marlis aliurusha ule moto kwenye ukurasa wake. Watu laki tatu walitazama, hajawahi kupata wengi hivyo.

Mtaniambia kwenye maoni kama nilimtendea bibi yangu haki au nilikuwa katili kama wao. Mimi mwenyewe kuna siku najibu hivi, kuna siku najibu vile.

Ninachojua ni hiki. Ukimwona mtu anapakwa tope, na unajua ni tope la kupakwa, sema siku hiyohiyo. Na ukiwa wewe ndiye uliyepakwa, sema hata kama sauti inatetemeka, hata kama ni kwa kuandika kwenye karatasi. Maana hujui lile tope limetoka wapi, na limebeba nini ndani yake.