Jumatano ya Chipa

Mtu alipiga makofi langoni. Majogoo walikuwa hawajamaliza kuwika, na Nimia, msichana wa miaka kumi na miwili, alikuwa amechuchumaa kando ya ng'ombe akikamua maziwa. Kijijini Kurupikay, kama kwingi katika nchi ya Paraguay, mgeni habishi mlango. Husimama nje ya lango akapiga makofi mpaka mwenye nyumba atokee. Lakini makofi ya asubuhi hiyo yalikuwa ya mtu mwenye haraka.

"Kaangalie, mjukuu wangu," Bibi Sindulfa aliita kutoka jikoni. "Kama ni muuza samaki, mwambie aje kesho. Leo ni siku ya kuoka mikate ya chipa."

Hakuwa muuza samaki. Alikuwa mwanamke mrefu aliyevaa miwani ya jua. Nyuma yake lilisimama gari jeupe lililotapakaa udongo mwekundu hadi madirishani, na ndani yake msichana wa rika la Nimia alikuwa amelala mdomo wazi.

"Hapa ndipo kwa Sindulfa?" mwanamke aliuliza.

"Ndipo. Nimwambie ni nani?"

"Mwambie ni mtoto wa Porfiria."

Kabla Nimia hajageuka, sufuria ilianguka jikoni kwa kishindo. Bibi alitoka mbio, kiatu kimoja mguuni na kingine kimebaki ndani.

"Selva! Mtoto wa marehemu dada yangu! Uliondoka hapa huna hata meno ya mbele!"

"Yameota, mama mkubwa," mwanamke alisema, akicheka na kulia papo hapo.

Hivyo ndivyo Nimia alivyomjua Shangazi Selva, aliyepelekwa Buenos Aires angali mdogo na hakuwahi kurudi. Alikuwa njiani kwenda mji wa Encarnación na binti yake Abril kwa mapumziko ya Pasaka, na alipoona kibao cha Kurupikay, moyo ulikataa kupita.

"Encarnación kuna nini?" Nimia aliuliza walipokuwa wakipokezana tereré, kinywaji baridi cha majani machungu, kwa mrija mmoja.

Abril, ambaye sasa alikuwa ameamka, alihesabu kwa vidole. Kuna ufuko wa mchanga kando ya mto. Kuna pembea ndefu kuliko mnazi. Kuna aiskrimu za kila rangi, na usiku taa zinacheza juu ya maji.

"Twende naye, mama," Abril alisema. "Kitanda kipo."

Shangazi Selva alimtazama Bibi. Bibi alimtazama Nimia, akaona macho yanavyong'aa. "Mkisha kula chipa, mchukueni," alisema. "Mtamrudisha Jumapili."

Nimia aliruka hadi ndoo ya maziwa ikayumba. Kila mwaka wiki hii ilikuwa ileile: chipa, tanuri, majirani walewale, vichekesho vilevile. Mwaka huu, hatimaye, naye angekuwa na furaha ya kweli!

Kazi ya chipa ilianza. Bibi alimimina wanga wa muhogo kwenye karai kubwa, akaongeza mayai, mafuta, maziwa, bizari tamu na jibini iliyovunjwavunjwa. Wote wanne walikanda. Unga mwingine waliukata mafungu ya duara, na mwingine wakaufinyanga wanyama, kama watoto wa huko wafanyavyo kila Pasaka. Abril alitengeneza njiwa.

"Huyo njiwa ana tumbo la kiboko," Nimia alimtania.

"Ana mimba! Usimcheke mama mjamzito."

Baada ya hapo Nimia alitumwa kwenye tanuri. Tanuri la Bibi lilikuwa la matofali na udongo, limejikunja uani kama kobe. Kuni zikishawaka hadi kuisha, makaa hufagiliwa nje kwa matawi mabichi, kisha tanuri hupimwa kwa kutupia ndani ganda la hindi. Ganda likiwa jeusi mara moja, moto umezidi na inabidi kungoja. Likigeuka rangi ya kahawia polepole, chipa ziingie. Nimia aliyajua hayo tangu hajaanza shule.

Lakini siku hiyo mwili wake ulikuwa uani na roho yake iko Encarnación. Alifagia makaa akijiuliza aanze na aiskrimu ya rangi gani. Ganda la hindi alilisahau mfukoni mwa aproni. Akazipanga chipa zote juu ya majani ya mgomba, akazisukuma ndani, akaziba mdomo wa tanuri.

Haukupita muda, harufu ya kuungua ilifika jikoni kabla yake.

Walipozitoa, chipa zilikuwa nyeusi nje na mbichi ndani. Njiwa wa Abril alikuwa amepasuka katikati.

"Amejifungua," Abril alisema kwa sauti ndogo.

Hakuna aliyecheka. Ijumaa Kuu moto hauwashwi katika nyumba za Kurupikay, na Alhamisi ni siku ya karamu. Chipa za Jumatano ndizo huliwa mpaka Jumapili, tena hupelekewa kila jirani. Nyumba isiyo na chipa wiki hiyo ni kama harusi isiyo na bibi harusi. Na karai lilikuwa tupu.

"Ulipima?" Bibi aliuliza.

Nimia angeweza kusingizia kuni. Alitoa ganda la hindi mfukoni. "Sikupima, Bibi. Nilikuwa nawaza safari. Nisamehe."

Bibi alishusha pumzi. "Haya. Umesema kweli, nusu ya kazi imekwisha. Nusu ya pili ni kutafuta wanga, na dukani uliisha jana. Miguu unayo."

Nimia alikimbia nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kila mahali unga ulikuwa umeshakandwa. Mwisho alipiga makofi kwa Bi Candelaria, mjane anayekaa peke yake karibu na kijito. Bi Candelaria alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka hadi akashika mbavu.

"Mjukuu wa Sindulfa kaunguza chipa! Mimi nimeishi kuyaona haya!" Alifungua kabati. Ndani mlikuwa na mfuko mkubwa wa wanga. "Nilinunua kwa ajili ya wajukuu zangu wote. Jana wamepiga simu kwamba hawaji, mabasi yamejaa. Chukua nusu, na jibini hii."

"Nitakulipa nini, Bi Candelaria?"

Mwanamke huyo alitazama vidole vyake, vilivyopinda kwa baridi yabisi. "Njoo alasiri, tanuri langu likipata moto, unifinyangie wanyama. Mimi vidole vimegoma. Chipa bila wanyama naona kama nakula dawa. Utakuja?"

"Nitakuja! Naahidi!" Nimia alijibu, mfuko tayari kichwani.

Chipa za pili zilikandwa kwa vicheko. Safari hii Nimia alipima kwa ganda, akangoja, akapima tena. Zilipotoka zilikuwa za dhahabu, zenye ganda kavu nje na jibini inayovutika ndani. Walizila zikiwa moto, wakipuliza vidole. Shangazi Selva alitafuna ya kwanza amefumba macho. "Miaka yote hii," alisema, "nilidhani nimeisahau ladha hii." Abril alikula mamba mzima wa chipa kuanzia mkiani, simu yake ikiwa imesahauliwa kwenye karai, imejaa unga.

Nimia alipowatazama alistaajabu. Mikono yake ilikuwa imechoka, nywele zilinuka moshi, na bado hakukumbuka lini mara ya mwisho alicheka namna ile.

Ghafla Shangazi Selva alitazama juu. Wingu zito lilikuwa limetanda kusini. "Lazima tutoke sasa hivi. Barabara hii ikilowa, gari halitoki mpaka Jumatatu. Nimia, lete begi!"

Nimia alikuwa ameshalishika begi alipokumbuka. "Bi Candelaria! Nilimwahidi alasiri."

"Mfanyie mwakani," Abril alisema. "Ni bibi jirani tu, ataelewa. Twende bwana!"

Nimia alimgeukia Bibi, akitumaini kuamuliwa. Bibi alikuwa akifunga chipa za wasafiri kwenye jani la mgomba. "Ruhusa nilishakupa," alisema kwa upole. "Ahadi ulitoa wewe, siyo mimi."

Nimia aliutazama mlango wa gari uliokuwa wazi. Aliiona pembea, akaziona taa juu ya maji. Kisha akaona kabati la Bi Candelaria na mfuko ulionunuliwa kwa watoto wasiokuja. Akaliweka begi chini.

"Nendeni salama, Shangazi," alisema. Abril alimkumbatia kwa nguvu, akamwachia alama mbili za unga mgongoni.

Gari lilipopotea kwenye kona, Nimia alilia kidogo. Akanawa uso, akaenda kijitoni.

Bi Candelaria alikuwa amekaa mlangoni na karai mapajani. "Nimeona gari limepita," alisema. "Nikasema, basi, mtoto kaenda zake."

"Nilisema nitakuja."

Walifinyanga mpaka mvua ikaanza kupiga paa. Bi Candelaria aliagiza na Nimia akafanya: kobe, njiwa, ng'ombe mwenye pembe moja, hata muuza samaki mwenye kofia. Kila mmoja alipotoka mikononi, mwanamke yule alipiga makofi kama mtoto.

"Umeumia kuikosa safari?" aliuliza.

"Nimeumia," Nimia alikiri. "Lakini hapa nako nafurahi. Sijui inawezekanaje vyote viwili."

"Inawezekana sana, mwanangu. Encarnación haihami, utaiona siku moja, na ni pazuri. Ila usidhani furaha inaishi kule peke yake. Inakaa pia kwenye unga, kwenye moto uliopimwa vizuri, na kwa mtu anayekungoja. Wengi huipita kila siku kwa sababu wameizoea. Na anayetimiza neno lake, huingia nayo kila nyumba aendayo."

Nimia alitabasamu, akachukua fungu jingine la unga. Wajukuu wa Bi Candelaria walikuwa wanane, na yeye alishaamua kwamba kila mmoja wao, hata kama haji, atafinyangiwa mnyama wake.