Damu Aliyoificha Obed

Prisca alimkuta mumewe nyuma ya migomba, akifua suruali yake. Maji ya beseni yalikuwa mekundu.

"Baba Atupele, damu hii imetoka wapi?"

Obed aliendelea kuisugua suruali. Kisha akasema, "Nikienda haja kubwa natoka damu. Baba alianza hivi. Kaka yangu naye alianza hivi. Wote tumewazika hata mvi hawajaota."

Prisca aliichukua suruali, akamalizia kuifua. Kisha akaenda kumwita jirani yao Felista, muuguzi wa hospitali ya Igogwe.

Felista aliketi jikoni, akawasaidia kumenya ndizi.

"Watu walisema tumerogwa," Obed alimwambia.

"Kuna ugonjwa wa kurithi, shemeji," Felista alisema. "Vinyama vidogo vinaota ndani ya utumbo mpana, vingi sana. Mwanzoni haviumi. Vikiachwa vinageuka saratani. Lakini damu ina sababu nyingi, usijihukumu. Nenda kapimwe."

"Na mtoto wangu?"

"Wewe ukikutwa nao, naye apimwe. Mzazi anaweza kumrithisha mtoto, wa kike au wa kiume."

Obed aliweka kisu chini. "Basi nimempa Atupele kifo."

Prisca alimshika mkono. "Umempa na hiyo miguu mirefu, na kicheko chako. Hukuchagua cha kumpa."

Wiki iliyofuata walikwenda hospitali kubwa Mbeya. Daktari alimpima Obed kwa mpira mwembamba wenye kamera, uliopitishwa njia ya haja kubwa. Vinyama vilikuwepo, mamia. Saratani haikuwepo bado. Alifanyiwa upasuaji, utumbo mpana ukatolewa. Alipona polepole. Sasa anakwenda chooni mara nyingi kuliko zamani, na kila mwaka anarudi kupimwa.

Kisha ikawa zamu ya binti yao Atupele, mwenye miaka kumi na miwili.

"Inauma, baba?"

"Watakupa dawa ya usingizi. Kibaya ni ile dawa ya kusafisha tumbo. Unakunywa mpaka unachoka. Mimi nitakaa na wewe."

Atupele alikutwa na vinyama vichache, vidogo. "Tutaviangalia kila mwaka," daktari alisema. "Upasuaji tutaupanga mapema, saratani isitutangulie."

Obed hakuishia hapo. Alikwenda Kisiba kwa mjane wa kaka yake. "Shemeji, hatukurogwa," alimwambia. "Tuwapeleke watoto wakapimwe." Wakaenda pamoja.

Leo Atupele ana miaka kumi na saba, na bado anapimwa kila mwaka. Jumamosi moja alikuwa akimnyoa baba yake uani, akacheka.

"Baba, una mvi."

"Wapi?"

"Hapa, juu ya sikio."

Obed alimwomba Prisca kioo. Akajitazama kwa muda mrefu.

"Usizinyoe zote," alimwambia binti yake.