Nishani ya Mzee Ambilikile

Foleni ya sukari ilikuwa imelizunguka duka la ushirika la Tunduma pale Isaka alipomkanyaga Tusekile mguu.

"Kaka, hivyo viatu vyako vya raizoni havina macho?"

"Nisamehe, dada. Macho yalikuwa kwako."

Tusekile akacheka, akajifunga upya kitenge chake cha Zambia. Ilikuwa Februari 1977. Isaka alikuwa ametoka chuo kikuu kuandika habari za mgomo wa vibarua wa shamba moja la kahawa huko Mbozi, uliotokea miaka ishirini nyuma.

"Basi umefika," Tusekile alisema alipoelezwa hivyo. "Kiongozi wa mgomo ule ni baba yangu."

Jioni nyingi Isaka alikaa na Mzee Ambilikile, daftari magotini, macho yakimtoroka kwenda kwa Tusekile. Walikwishapendana siku mzee alipopunguza sauti.

"Aliyetuongoza ni Raphaeli, wa kijiji cha Msangano. Walimpiga mpaka akafa. Mimi siku ya tatu nilirudi kazini. Baada ya uhuru wakubwa wa chama walipokuja kutafuta shujaa, wakanikuta mimi ndiye hai."

Isaka aliandika. Tusekile alipojua, alimpigia simu nyumba ya wageni alikofikia.

"Mpenzi, Mei Mosi baba anavishwa nishani. Chana hizo karatasi."

"Na Raphaeli je, Tuse?"

"Raphaeli keshakufa! Baba yangu yu hai!" Akakata simu.

Hawakuonana tena hadi Mei Mosi. Mzee, ndani ya koti la kuazima, alipewa kipaza sauti.

"Ndugu zangu, mgomo ule haukuwa wangu. Kulikuwa na Raphaeli..."

Katibu wa sherehe akakichukua kipaza sauti taratibu. "Mzee wetu amezidiwa na furaha!" Bendi ikapiga, watu wakashangilia. Mzee alibaki amesimama, midomo ikiendelea kusema.

Tusekile alimtafuta Isaka katika umati, wanja umemchuruzika mashavuni.

"Nisamehe, mpenzi. Andika. Andika yote."

"Kibali changu cha utafiti wamekifuta asubuhi. Madaftari wamechukua. Natakiwa niondoke na treni ya leo."

"Nichukue."

"Na mzee umwachie nani?"

Tusekile alimsindikiza stesheni, akamshika mkono dirishani mpaka treni ikamnyang'anya.

Nyumbani alimkuta baba yake kitandani, koti bado mwilini.

"Yule kijana ameandika?"

"Ameandika, baba," Tusekile alisema. "Kitabu kizima."

Mzee akaomba chai.