Cherehani Haina Kosa

Mshonaji na mumewe dereva waliishi ndani ya gari lao, wakihama soko hadi soko. Nyuma ya gari kulikuwa na kitanda, cherehani ya umeme na betri moja kubwa. Juu ya paa kulikuwa na sola. Kati ya betri na cherehani kulikuwa na inveta, kile kisanduku kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani.

Asubuhi moja inveta ililia mara tatu, ikazima. Cherehani ikakwama katikati ya mshono. Wauguzi wawili walikuwa mlangoni wakisubiri sare zao. Dereva akawaambia, tena kwa sauti, kwamba mkewe ameua betri ya pili mwaka huu. Jioni hiyo cherehani itashuka garini, akashone kwa mkono.

Mshonaji alihisi uso ukimwaka. Amseme ndani, sawa. Lakini kumwanika mbele ya wateja? Na cherehani hiyo hiyo ndiyo iliyowalisha tangu mume aachishwe kazi ya lori! Alikasirika. Lakini hasira hasara. Aliweka mkasi chini, akaenda kumwita fundi wa betri pale sokoni, mwanamke aliyeitwa na wote Mama Waya.

Mama Waya alikuja na betri yake iliyojaa, na kipimo cha kubana waya, kinachoonyesha umeme unaopita. Aliunganisha, akamwambia mshonaji ashone. Kipimo kikaonyesha ampea nane.

"Hiyo ndiyo cherehani, shemeji," akamwambia dereva. "Haya, niwashie kingine."

Dereva alikuna kichwa. Kingine kilikuwa birika lake la umeme. Alipenda chai mara tano kwa siku, na kila mara alijaza birika zima kwa kikombe kimoja. Akaliwasha. Kipimo kikaruka hadi mia moja na thelathini.

"Lakini halipigi kelele," dereva akasema. "Cherehani ndiyo inayonguruma kutwa."

"Debe tupu ndilo linalovuma, shemeji. Umeme hauliwi kwa kelele. Kinachotoa joto ndicho mlafi: birika, pasi, jiko."

Kisha akauliza inveta huzimwa saa ngapi. Haikuzimwa kamwe. Mama Waya akazima cherehani na birika, akaacha inveta peke yake. Kipimo kilisoma karibu mbili. Akawaeleza kwamba hata ikikaa bure inveta inakula, na kwa usiku na mchana inamaliza karibu nusu ya betri yao. Betri ya aina hiyo haifai kushushwa chini ya nusu. Ikipumzika na kusoma volti kumi na mbili nukta mbili, waache kuitumia, wasubiri jua. Ile yao ilikuwa haijafa bado. Mama Waya akaahidi kuichaji polepole.

Mshonaji akamgeukia mumewe. "Kwa hiyo nani aliyeua betri?"

"Basi, mke wangu, tumeshajua. Yaishe."

"Hayaishi. Uliniaibisha mlangoni, utanisafisha mlangoni."

Jioni hiyo kilichoshuka garini kilikuwa birika. Siku hizi dereva huchemsha maji kwenye jiko la gesi, kikombe kimoja kwa kikombe kimoja. Kila mkewe anapomaliza kushona, yeye mwenyewe huinama chini ya kitanda, akazima inveta na kusoma volti. Miezi saba imepita na betri ni ile ile.

Lakini kabla ya miezi hiyo kupita, wauguzi walirudi siku ya soko iliyofuata. Sare zao zilikuwa tayari, zimekunjwa. Mshonaji hakuzitoa. Alikaa kwenye kiti chake, akamtazama mumewe.

Dereva alisimama mlangoni, akakohoa.

"Dada zangu, ile betri niliimaliza mimi. Kwa chai."

Wauguzi walicheka sana. Mshonaji hakucheka. Alinyanyuka, akawapa sare zao.