Wa Kulia na wa Kushoto

Lifti ya jengo la kemia iliharibika asubuhi ya mtihani, na ukumbi wa chini ukafurika watu wanaolalamika. Katikati yao alisimama mwanafunzi wa shahada ya pili, koti jeupe begani, viatu vyekundu vya dada yake miguuni, na ndoo ya barafu mkononi. Jaribio lake lilikuwa linaisubiri barafu hiyo ghorofa ya sita, na barafu haikuwa na mpango wa kumsubiri mtu.

"Fundi, itachukua muda gani?"

Kijana aliyepiga magoti mbele ya kisanduku cha nyaya hakuinua kichwa. "Unauliza kwa upole au kwa hasira?"

"Kwa barafu."

Akageuka, akaiona ndoo, akacheka. Alikuwa na ovaroli ya bluu na tabasamu la kumsahaulisha mtu ngazi. "Lete nikubebee, Dokta."

"Bado si dokta."

"Basi nimetangulia."

Aliibeba hadi juu kwa mkono wa kushoto, akihema kama pampu. Alipoitua aliomba namba ya simu, eti ajue kama barafu imefika salama.

Mapenzi yakashika kasi. Kikwazo kilikuwa kimoja: fundi alikuwa na pacha, fundi lifti vilevile, sura ile ile. Siku moja Dokta alimfinya shavu kwenye korido. "Shemeji, mimi ni yule mwingine," mwenye shavu alisema akilisugua. Tangu hapo Dokta alitazama mikono kwanza. Wake alishika bisibisi kwa kushoto, pacha kwa kulia. Hakukosea tena.

Maabarani nako alikuwa na pacha wengine. Molekuli ya dawa aliyokuwa akiitengeneza ilikuja kwa sura mbili, kama glavu ya kulia na ya kushoto: ya kulia inatibu, ya kushoto haina kazi. Kila akijaribu, alipata nusu kwa nusu. "Ijumaa nataka mmoja," Profesa alimwambia. "Ukiniletea wawili tena, nafasi ya udaktari nampa mwingine." Dokta alikuwa ameishi nao muda mrefu hata akawazungumzia kama watu.

Jumatano jioni alimpigia mwenzake wa maabara, aliyeitwa Chupa kwa sababu ya chupa alizovunja.

"Chupa, nimechoka na hawa wawili!"

"Bado wamechanganyika?"

"Nusu kwa nusu! Mimi namtaka wa kulia tu. Huyu wa kushoto ananijazia nafasi bure."

"Si umtoe?"

"Ananing'ang'ania! Ila nimepata dawa yake. Naweka kitu kikubwa cha kumzibia njia, asipate hata pa kuingilia."

"Maskini wa kushoto!" Chupa akacheka mpaka akakohoa.

Dokta alipofungua mlango wa maabara ili akanawe, alikuta mfuko wa viazi vya kukaanga umening'inia kwenye kitasa, bado wa moto. Korido ilikuwa tupu. Ujumbe wa fundi ukaingia kwenye simu: *Nimesikia yote. Baki na huyo wako wa kulia. Kila la heri.*

Moyo wake uliyeyuka. Mwanamume gani huyu, anafuatilia hadi majaribio! Akajibu huku anatafuna: *Asante kipenzi! Kumbe unanielewa hivi! Wa kushoto kesho namwaga.* Akamalizia na mioyo myekundu mstari mzima.

Alhamisi fundi hakupokea simu. Dokta alijiambia kwamba yuko ndani ya shimo la lifti, hakuna mtandao, akaendelea na kazi. Alichagua kichocheo chenye mabega mapana, kinachokaa upande mmoja wa molekuli na kuufunga, ili kitu kingine kiingie kwa upande uliobaki tu. Akaipoza chupa, akamwomba Mungu.

Ijumaa, sampuli ikiwa kwenye mashine na Profesa kando yake, mlango ulifunguliwa kwa kishindo. Waliingia wanaume wawili wa ovaroli za bluu na glavu za kazi, mmoja akimburuta mwenzake.

"Wewe simama kulia. Mimi nasimama kushoto. Haya, Dokta, mmwage wa kushoto hapa hapa, mbele za watu!"

"Kaka, mimi nina mke," pacha alinong'ona.

"Nyamaza! Si wewe ndiye mshindi?"

Profesa akavua miwani. "Hawa ni akina nani?"

Dokta alitazama mikono yao. Kisha maneno ya ile simu yakamrudia moja moja, hadi kwenye *namwaga* na ile mioyo, akashika meza na kucheka mpaka machozi. Ndipo alipoona kidevu cha fundi kinatetemeka. Kicheko kikamkauka.

"Tangu utotoni watu wananichanganya na huyu," fundi alisema taratibu. "Wewe peke yako ulikuwa hukosei. Nikadhani umenichagua. Kumbe ulikuwa unalinganisha."

"Vua glavu yako ya kushoto, mpenzi. Ivae mkono wa kulia."

Akajaribu. Kidole gumba kikakosa pa kwenda. "Haiingii."

"Hao ndio wawili wangu. Wanafanana, lakini huwezi kumweka mmoja mahali pa mwenzake. Ni molekuli. Ninyi hamumo kabisa."

"Molekuli?" Pacha aliruka. "Nimeshushwa kutoka juu ya lifti kwa ajili ya molekuli?"

Mashine ikalia. Profesa akasoma, akasoma tena. "Wa kulia, karibu wote. Wa kushoto ametoweka!"

"Profesa, tafadhali," fundi alisema, "bado linaniuma hilo neno."

Walifukuzwa nje kwa upole. Kwenye korido Dokta alimfuta fundi uso kwa mkono wa koti.

"Nilishamwambia mama kwamba tumeachana," fundi alikiri.

"Mpigie sasa hivi."

Simu ikawekwa spika. "Shikamoo, mama," Dokta alisema. "Hatujaachana."

"Marahaba, mwanangu. Huyo ana wivu tangu tumboni, alimpiga mwenzake mateke mpaka akatoka wa kwanza. Unamtaka hivyo hivyo?"

"Namtaka, mama. Hivyo hivyo."

"Mama," fundi aliingilia, "mimi nilitaka nimwulize mwenyewe habari za ndoa, kwa wakati wangu, mahali pazuri..."

"Muulize. Nasikiliza."

Fundi akakohoa, akavuta ovaroli, akamtazama Dokta. "Utanioa... yaani, nikuoe?"

"Nioe," Dokta alijibu. Vigelegele vya mama vikapasua spika.

Pacha, aliyekuwa ameegemea ukuta na bisibisi yake, akainua mkono kama mwanafunzi.

"Samahani. Siku hiyo mimi nivae rangi gani, nisije nikaozeshwa?"