Chakula cha Mchana Kule Fès

Haya yalimpata shangazi yangu, dada wa baba, ambaye nyumbani sote tulimwita Tantine Pulchérie. Nilikuwa naye siku zote hizo. Ambayo sikuyaona kwa macho, aliniambia yeye mwenyewe, au binti yake ndiye aliyeniambia. Siongezi kitu.

Tantine alikuwa mpishi, watu wa mji wetu wa Baraka, Kongo, kando ya Ziwa Tanganyika, wanamjua. Miaka mingi alipikia wageni wa mashirika, kisha akafungua mgahawa wake karibu na bandari, meza nne na mabenchi, pale watu wa mashua za Kazimia wanaposhuka wakiwa na njaa. Mimi, Godelieve, nilikuwa msaidizi wake. Alikuwa na ulimi wa ajabu. Ukimpa mukeke alikuambia kama samaki huyo alivuliwa jana au leo. Akionja sombe ya jirani, yale majani ya muhogo, alijua chumvi iliingia kabla ya mawese au baada.

Binti yake wa pekee, Chérie, anaishi Casablanca, nchini Moroko, anapokea simu za wateja katika ofisi moja kubwa. Mwaka jana, mama yake alipokaribia kufikisha miaka sitini, Chérie aliamua kumwalika. Wangepanda treni kutoka Casablanca mpaka Fès, mji wa zamani sana, wakae siku saba. Asubuhi watembee, mchana wale. Kila siku chakula kimoja ambacho Tantine hajawahi kuonja.

Majirani walicheka, maana Baraka iko katika eneo la Fizi. Walisema, "Mama Chérie anatoka Fizi anaenda Fès. Hiyo ni safari ao ni kubadilisha herufi?" Na yeye alicheka nao.

Mipango ilifanyika Jumanne moja asubuhi. Tulikuwa uani tunachambua sombe, simu imeegemezwa kwenye beseni, Chérie anasoma na mama anaandika katika kaye, daftari lake la safari. Siku ya kwanza: lango kubwa la buluu, na supu ya maharage yaliyosagwa, yenye mafuta ya zeituni. Siku ya pili: shule ya kale yenye kuta za vigae, na keki ya nyama ya njiwa. Siku ya tatu: mahali wanapotia ngozi rangi, na nyama iliyopikwa na matunda makavu. Hivyo hivyo mpaka ya sita. Ya saba waliiacha bila kitu. Paspoti ilikuwa imeshatoka Bukavu. Ilibaki kutafuta nyumba ya kulala.

Saa sita mchana Tantine alijilaza kwenye mkeka sebuleni, kama kawaida yake. Alipoamka alikohoa, akashika koo.

"Ile mafuta yabo iko kali," alisema.

"Mafuta gani, Tantine?"

"Ya zeituni. Imenikwaruza hapa."

Nilidhani anatania. Katika maisha yake hakuwahi kuonja mafuta ya zeituni.

Jumatano alilala tena saa ile ile. Nilipita na ndoo nikamwona anatafuna. Macho yamefumba, taya linakwenda polepole, kama mtu anayekula kwa adabu nyumbani kwa watu. Alipoamka alinieleza keki ile: unga mwembamba kama karatasi, njiwa ndani, juu mdalasini na sukari. Nikamwambia ameota yale ambayo Chérie alisoma.

"Chérie hakusema sukari," alijibu.

Alikuwa na kitu cheupe juu ya mdomo. Alikifuta na kidole, akakilamba. Mimi niliangalia pembeni.

Siku ya tatu hakutaka ugali. Siku ya nne hata chai. Alisema ameshiba. Alikuwa hali kitu mbele yetu, na bado mwili ulikuwa unanenepa. Pete ya ndoa ilizama kwenye kidole mpaka tukailainisha na sabuni, nayo haikutoka. Mashavu yalijaa. Watu sokoni walimpongeza.

Jioni hiyo alimpigia Chérie, akamwelezea nyumba anakokwenda kula. Kichochoro chembamba, punda akipita na mzigo wa ngozi, mtu anajibana ukutani. Mlango mfupi wa kijani. Ndani, ngazi hazipandi. Zinashuka.

Chérie alimwomba arudie. Kisha akasema, "Mama, nani alikuonyesha ile nyumba? Iko mu telefone yangu. Niliichagua jana, sijakutumia picha."

Nilimwona Tantine akiweka simu chini taratibu, kama yai.

Kwetu hakuna asiyejua maana ya kula ndotoni. Ukipewa chakula katika ndoto, usile. Ukila, wale waliokulisha watakungoja, na siku moja watakuambia ni zamu yako kuleta nyama. Nyama wanayotaka haiuzwi sokoni. Ni mtu wako, wa damu yako. Mambo hayo nilikuwa nimeyasikia tangu utotoni, na nilikuwa sijawahi kumwona mtu ambaye yamempata.

Siku ya tano nilimwita Mama Immaculée, kiongozi wa kikundi chetu cha sala. Aliweka mkono kwenye paji la uso la Tantine, akauondoa haraka.

"Nani anakulisha?" aliuliza.

"Mama moja. Simuone uso."

"Anasema luga gani?"

"Kibembe, luga ya kwetu," alisema. "Ananiita Wabiwa."

Wabiwa ni jina ambalo mama yake tu ndiye alimwita, alipokuwa mtoto mdogo kule kijijini Swima. Mama yake alikufa nikiwa sijazaliwa. Mimi mwenyewe nililisikia jina hilo siku ile kwa mara ya kwanza.

"Usilale tena muchana," alisema Mama Immaculée. "Hata dakika moja."

Tulijaribu. Siku ya sita tulimtembeza ufukweni tangu saa tano, tukamnawisha maji ya ziwa usoni. Saa sita kamili alisimama. Alikuwa amesimama mchangani, macho wazi, na taya likaanza kwenda. Nilimtikisa. Nilimpiga mgongoni. Alimeza mara tatu. Kisha akarudi, akaniangalia, machozi yakaanza kumtoka.

Tukiwa njiani kurudi nyumbani aliniambia kwa sauti ya chini. Leo hakuwa peke yake mezani. Mabenchi yalijaa watu pande zote mbili. Hawakula. Walimwangalia yeye anavyokula, na alipomaliza, yule mama alipangusa meza mbele yake.

"Ameniambia, tumekulisha siku sita. Kesho ni weye. Mutoto iko njiani."

Siku ya saba mtandao ulikatika tangu alfajiri. Baraka yote haikuwa na simu. Tantine alipiga, akapiga tena, akapanda mpaka kwenye kilima nyuma ya kanisa akiinua simu juu. Hakuna. Mama Immaculée alikuwa na bamama wengine wanne uani, wanaomba. Tantine alikaa sebuleni kwenye kiti cha mbao, mgongo wima, amefunga kitambaa cha maji baridi kichwani.

Saa sita kasoro dakika chache simu iliita.

Ilikuwa Chérie, na Tantine alifungua spika. Sauti yake ilikuwa na furaha. Alikuwa ameomba ruhusa kazini na kupanda treni ya mapema, aje kuiona ile nyumba kwa macho kabla ya kulipa, kwa kuwa maneno ya mama yake yalimkosesha usingizi.

"Niko ndani, Mama. Ni vile ulisema. Mulango ya kijani, ngazi inashuka."

"Toka," alisema Tantine.

"Ngoja nikuambie kwanza. Mwenye nyumba ni mama muzee. Hautaamini. Anasema Kibembe. Amenipa chai."

"Umekunywa?"

"Bado. Iko moto."

Tantine aliziba mdomo na kiganja. Alipokiondoa, sauti yake ilikuwa tulivu. Nilikuwa sijawahi kusikia utulivu wa namna ile, na ndio ulionitisha kuliko yote.

"Weka kikombe chini. Usiseme asante. Simama, uende ku mulango."

Tulisikia kikombe kikigusa meza. Tulisikia hatua mbili. Kisha Chérie akasema, na sasa furaha ilikuwa imeisha, "Mama, kuko batu ku ngazi. Beko wengi. Sikubaona nikiingia."

Tulisikia pumzi zake tu.

"Yule muzee anauliza," alinong'ona. "Anauliza leo nani atapika."

Tantine aliondoa kitambaa kichwani. Alisimama, akanyoosha kitenge chake, akanikabidhi simu. Kisha akalala kwenye mkeka, chali, mikono pembeni.

"Mwambie Chérie ajibu hivi," alisema. "Mama yake anakuja kupika. Na weye, Gode, usiniamshe."

Alifumba macho.

Nilimwambia Chérie. Nilimsikia akirudia maneno yale kwa Kibembe. Halafu sikusikia kitu. Uani bamama walikuwa wameacha kuomba, sijui kwa nini. Nilipiga magoti karibu na Tantine. Kifua chake hakikupanda. Safari hii taya halikwenda. Midomo ilikuwa imebanwa. Mikono ndiyo iliyosogea, vidole vinafungua na kufunga, vinakatakata, vinakoroga, juu ya mkeka mtupu.

Ndipo nikasikia, ndani ya simu, mbali kidogo, mtu anaomba chumvi.

Ilikuwa sauti ya Tantine.

Alikuwa mbele yangu, midomo imefungwa. Na sauti yake ilitoka kwenye simu, ile sauti aliyozungumza nayo nami kila siku jikoni, kavu, bila haraka. Aliomba chumvi. Aliomba kisu. Aliuliza maji yako wapi.

"Gode," Chérie alinong'ona. "Nani iko na weye pale?"

"Mama yako. Amelala."

"Hapana. Mama iko hapa. Amenipita ku ngazi. Hakuniangalia."

Nilitazama tena mkeka, Tantine alikuwa palepale.

"Banamufuata," alisema. "Bote banaenda nyuma yake. Ngazi iko wazi."

"Kimbia."

Nilisikia viatu vyake. Nilisikia mlango. Nilisikia punda, watu wanauza, mtu anacheka, na Chérie analia katikati yao. Kisha simu ikakata.

Nilikaa pale saa mbili nzima bila kumgusa Tantine. Mama Immaculée aliingia, akatazama, akakaa mlangoni akiwa amenipa mgongo. Mikono ilipunguza mwendo. Ikatulia. Kama saa nane Tantine alivuta pumzi ndefu na kufumbua macho.

"Mutoto ametoka?"

"Ametoka."

Aliomba maji. Alikunywa, akaangalia kikombe. Aliomba tena kitu chenye chumvi. Nikampa ndagala waliokaushwa. Alitafuna muda mrefu, akatema mkononi.

"Sisikie kitu," alisema.

Hakusikia ladha tena tangu siku ile. Wala chumvi, wala pilipili, wala sukari. Tulimpeleka kwa daktari, akamwangalia ulimi, akasema ni mzima. Usiku mmoja tu, miezi baadaye, aliniambia yaliyotokea mezani. Wale watu walitaka nyama. Yeye aliwapikia sombe, mukeke, ugali wa muhogo, kila alichowahi kujifunza tangu Swima. Kila sufuria aliionja mbele yao kwanza, kama mpishi anavyofanya. Na kila alichokionja, ladha yake ilibaki kule.

"Walikubali," alisema. "Sijue kama walishiba."

Chérie yuko salama. Alihama Casablanca, sasa anaishi kusini zaidi, karibu na bahari, na hajawahi kurudi Fès. Ile nyumba ilitoweka kwenye simu yake. Alitafuta kichochoro kwenye ramani, akaacha. Anasema kitu kimoja tu hakimtoki. Alipofika juu ya ngazi, kabla ya kugusa mlango, alisikia harufu ya mawese.

Kaye ya safari niliichoma mwenyewe. Paspoti iko kabatini. Tantine amenenepa vile vile na pete haijatoka. Sasa mimi ndiye ninayepika, na yeye anakaa karibu na dirisha, anatazama nyuso za wateja wanapoweka kijiko cha kwanza mdomoni.

Lakini kuna jambo sijamwambia.

Siku moja baada ya yale yote nilikwenda kufungua mgahawa. Ulikuwa umefungwa wiki nzima, na ufunguo ulikuwa shingoni mwangu, sikuuvua hata kuoga. Kufuli lilikuwa zima. Ndani, majivu yalikuwa baridi, na buibui alikuwa ameshafunga utando kati ya mafiga.

Sufuria kubwa ilikuwa katikati ya sakafu.

Ilikuwa tupu, imekombwa. Mafuta mekundu yalibaki ndani kama rangi nyembamba, na katika mafuta kulikuwa na alama za vidole. Nyingi. Ndogo, nyembamba kuliko za mtoto. Zilianzia chini kabisa, zikazunguka, zikapanda mpaka ukingoni.

Hazikuishia ukingoni. Zilishuka upande wa nje. Zikapita sakafuni kuelekea mlangoni, lakini mlangoni hazikutoka. Zilipanda ukuta, vidole vinne vinne, mpaka juu ya fremu, mahali ambapo hata nikisimama kwenye benchi mkono wangu haufiki.

Nimeuosha ukuta huo kwa sabuni. Nimeusugua kwa majivu. Nimeupaka rangi mara mbili, nyeupe kisha kijivu. Wiki iliyopita mteja mmoja aliyeshuka kutoka Kazimia aliinua macho akiwa anakula, akaniuliza kwa nini mafuta yanachuruzika pale juu.