Mihogo ya Siku ya Tatu

Uwingabire na mume wake Viateur walikimbia vita kwenye vilima vya Masisi, wakaja kukaa Walikale. Kule kwao walikula maharagwe na mihogo mitamu, ile ambayo mtoto huing'oa na kuitafuna mbichi. Huku msituni mihogo mingi ni michungu, na michungu ina sumu. Kila mama wa hapa anajua namna ya kuitoa. Unaimenya, unailoweka majini siku tatu mpaka ilainike, unaianika juani, ndipo unatwanga unga wa bugali.

Majirani walimfundisha Uwingabire tangu alipofika. Lakini mihogo hulowekwa kwenye vidimbwi vya mtoni, mbali na nyumba, na wezi wanavijua vidimbwi hivyo kuliko wenyewe. Mara mbili alikuta kidimbwi chake kitupu. Basi akaanza kuitoa mihogo kesho yake tu, ikiwa bado migumu. Haraka haraka haina baraka, lakini mwizi naye hangoji. Maharagwe yote waliyovuna, Viateur aliyapeleka kuwauzia wachimbaji wa madini wa upande wa Bisie. Nyumbani walikula bugali na sombe, majani ya mihogo, tu, leo hivyo, kesho hivyo.

Asubuhi moja binti yao Astrid alishindwa kusimama. Jana yake alikuwa ameteka maji. Sasa miguu yote miwili ilikuwa imekakamaa, na alipojaribu kutembea alianguka.

"Hii iko bulozi," Viateur alisema. "Kuko muntu hapa anatuchukia."

Uwingabire alimtazama Samy, mdogo wake Astrid, aliyekuwa akila bugali ya sahani ileile. Hofu ilimshika. Akambeba Astrid mgongoni, akaenda kwa Mama Élisabeth.

Watu wa Walikale humwita Mama Konseye, kwa sababu ni mshauri katika baraza la mji. Kabla ya hapo alikuwa muuguzi wa kituo cha afya. Wakubwa wa mji wamekuja na kuondoka, yeye bado yuko barazani. Wanaosema ana kichwa kigumu hawasemi uongo.

Alimgongagonga Astrid magotini. Akamwinua polepole, akaangalia anavyokanyaga.

"Dada, mihogo munaiacha mu maji siku ngapi?"

"Moja. Juu ya wezi."

"Na munakula bugali na nini? Maharagi? Samaki?"

"Sombe tu, Mama."

Mama Élisabeth akamketisha Astrid. "Haiko bulozi, na haiambukizi. Inaitwa konzo. Ni ile sumu ya mihogo. Inashika muntu mwenye kukula kila siku mihogo yenye haikukaa vizuri mu maji, na hapati maharagi ao samaki."

"Atapona?"

"Sitakudanganya. Miguu haitarudi vile ilikuwa. Ku kituo watamuonyesha mazoezi, na fimbo itamusaidia. Lakini Samy tunaweza kumuchunga. Njo kazi yetu sasa."

Uwingabire alilia. "Nilijua siku tatu," alisema. "Nilijua. Nifanye nini na wezi?"

Swali hilo lilimchoma Mama Élisabeth. Miaka yote ya uuguzi aliwafundisha akina mama siku tatu, na kumbe walizijua. Kilichowashinda ni wizi, na wizi hautibiwi kwa vidonge. Dawa yake ilikuwa barazani.

Baraza lilikuwa likipanga salongo, kazi ya pamoja ya Jumamosi. Papa Darius, mkubwa wa baraza, alitaka mawe ya mbele ya ofisi yapakwe chokaa, kwani mgeni alikuwa anakuja kutoka Goma.

"Salongo iende mutoni," alisema Mama Élisabeth. "Tuchimbe vidimbwi vipya karibu na nyumba, tuweke lupango ya miti, bamama balinde kwa zamu."

"Mama Konseye, mihogo ni mambo ya bamama. Hapa ni baraza."

"Papa Darius, bugali ya jana ulikulia wapi?"

"Kwangu."

"Unga ilitoka wapi?"

"Ku soko."

"Unga ya soko inatoka mu ule muto. Wajukuu yako banakula sumu ile ile. Mupake mawe, kama munapenda. Mimi Jumamosi niko mutoni na jembe, hata peke yangu."

Papa Darius alikohoa. Jumamosi ilipofika, mawe yalibaki bila chokaa, na Papa Darius mwenyewe alishika sepetu.

Vidimbwi vilichimbwa chini ya mahali pa kuteka maji ya kunywa, ili maji yenye sumu yasifike huko. Viateur alikata miti ya lupango, ule uzio, kuliko wote. Neno bulozi halikumtoka tena kinywani. Na msimu uliofuata alibakiza gunia la maharagwe nyumbani.

Samy hakuugua. Astrid alirudi shuleni akiwa na fimbo, akimkasirikia kila anayetaka kumbeba.

Siku moja, ilipokuwa zamu ya Uwingabire kulinda, alikuja Rosalie, mama aliyefika juzi tu kutoka Masisi. Mihogo yake ilikuwa imelala majini usiku mmoja. Akaanza kuitoa.

"Dada, rudisha," Uwingabire alimwambia. "Iko bado migumu."

"Batoto balilala njaa. Siwezi kungoja."

Uwingabire aliijua njaa hiyo, hakubishana nayo. Alimwita Astrid. Astrid alikuja polepole, fimbo mbele, magoti yakigongana. "Huyu alikula mihogo ya siku moja," Uwingabire alisema. Rosalie alitazama miguu ile, mikono yake ikasimama.

Uwingabire akaenda nyumbani, akarudi na unga wake ulio tayari na bakuli la maharagwe.

"Hii uwapikie batoto leo na kesho, ikiisha urudi kwangu," alisema. "Ile yako irudi mu maji."

Rosalie alipiga magoti, akairudisha mihogo kidimbwini, mmoja mmoja.